Mwisho wa Bi Karatasi

Wiki jana walimzika Kevo, na mimi sikulia. Picha nilizipata kwenye kikundi chetu cha simu, kile cha sisi tuliowahi kufanya kazi Doha: hema jeupe, jeneza, vijana wamevaa fulana zenye sura yake, na chini yake mlolongo wa sifa. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa hachoki kucheka. Hakuwahi kumkasirikia mtu. Hiyo ya mwisho ni kweli tupu. Kevo hakuwa na kinyongo na mtu yeyote, hata wale aliowaumiza. Nikaandika "poleni sana, Mungu awatie nguvu" kama wenzangu, nikalaza simu kifudifudi mezani, nikaenda kukoroga uji. Binti yangu akaniuliza, "Mum, huyo ulikuwa unamjua?" Nikamwambia nilimjua vizuri sana. Akangoja niendelee, nikaendelea na uji. Habari za Kevo hazielezeki bila Namutebi, na za Namutebi siwezi kuzieleza bila kusema nilichofanya Ijumaa moja kwa kidole changu hiki cha gumba. Lakini nimeshafika umri wa kusema. Nikichekwa, nichekwe.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Doha, miaka mingi kabla ya metro, mji mzima umechimbuliwa na vumbi lake linatufuata mpaka ndani ya chai. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja katika villa moja kuukuu ya Al Mansoura, nyuma ya duka la fundi wa abaya na kibanda cha karak, ile chai yao ya maziwa. Villa ni jina tu. Vyumba vitatu, vitanda vya ghorofa, choo kimoja chenye mlango usiofunga, na jikoni ambamo ukigeuka na sufuria lazima upige hodi. Mganda anaponda matoke yake huku, Mkenya anasonga ugali kule, na katikati yupo Mwanaidi wa Mombasa, mkono kiunoni, analalamika kwamba nyumba nzima hakuna anayejua wali ni nini. Saa kumi na moja alfajiri basi la kampuni linatuchukua hadi Al Sadd, kwenye jengo la orofa kumi na mbili la vyumba vya kupangisha wageni, tukatandike, tukapige deki, tukasugue mabafu ya watu ambao hatuwaoni. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, mkubwa wao wote, wakiniita Dada Wairimu, na sikuwa mpole. Asiyeosha sahani yake aliikuta kitandani kwake.

Ila cheo changu katika nyumba ile hakikutokana na umri, kilitokana na mdomo. Kabla ya kwenda Uarabuni nilikuwa nimefanya miaka sita katika kibanda cha video Nakuru, dijei mwanamke pekee niliyewahi kumsikia. Aliyekulia mjini anaijua kazi hiyo: sinema ni ya Kichina au ya Kihindi, dijei anakaa kando ya televisheni na maikrofoni, anaifasiri kwa Kiswahili ingawa hajui hata neno moja la wanayosema. Anawapa waigizaji majina ya mtaani, anamtukana adui, anamwonya shujaa ageuke nyuma. Na kuna sheria moja ambayo mwenye kibanda alitupigia kichwani kila siku: mteja asitoke bila mwisho. Stima ikipotea, diski ikikwama, dijei hanyamazi. Anamalizia kwa mdomo, gizani, mpaka adui azikwe na watu waende kwao wameshiba. Nimewahi kummaliza jambazi wa Hong Kong kwa dakika ishirini nzima skrini ikiwa nyeusi tii, na watu wakasimama kunipigia makofi. Niliijua kazi hiyo, jamani, nalisema bila haya.

Kwa hiyo Ijumaa alasiri, siku ya mapumziko ya huko, Wakristo tumerudi kutoka kanisani na Mwanaidi keshaswali, mikeka inatandikwa sebuleni, mtu anakaanga njugu, na mimi nafasiri. Ile sinema ya Bi Karatasi ilitujia kutoka orofa ya tano. Mfaransa aliyekuwa akikaa pale alihama akaacha boksi la takataka zake, na msimamizi akasema tuchukue tunachotaka. Kasha la diski lilikuwa limechanika nusu, jina limeenda na kipande kilichopotea, lakini nyuma kulikuwa na mwaka wa kabla ya vita vya Hitler na picha ya mwanamke wa Kijapani chini ya mwavuli. Maneno yote Kifaransa, na Kifaransa changu ni bonjour, hiyo nayo ya kuazima. Tulipoiwasha Mwanaidi aliangua kicheko. "Ala! Wajapani gani hawa? Hawa Wazungu wamepakwa wanja mpaka masikioni!" Na kweli, ilikuwa Japani iliyojengwa Ufaransa. Bahari ilikuwa ya kuchorwa kwenye kitambaa, ukitazama vizuri unaona mkunjo, na miti ya maua iko kwenye vyungu. Tulicheka robo saa. Halafu kamera ikasogea usoni kwa yule mwanamke, na kicheko kikaisha chenyewe.

Nilimwita Bi Karatasi kwa sababu kuta za nyumba yake zilikuwa za karatasi. Mgeni aliyempenda, afisa wa meli mwenye masharubu membamba, nikamwita Luteni. Luteni anamwachia bahasha yenye lakiri amfichie. Wazee wenye majoho meusi wanakuja, wanaikuta, wanamkalisha chini na kumuuliza ni ya nani. Anainamisha macho. Wanauliza tena. Mikono iko mapajani, mdomo haufunguki. Yote hayo yalionekana wazi, hayakuhitaji lugha. Kisha tunaonyeshwa Luteni akipanda ngazi ya meli. Anafika juu, anageuka, anainua kofia, na hapo hapo picha inavunjika vipande vipande, inaganda. Diski ilikuwa na mkwaruzo. Siku ya kwanza wanawake kumi walisema "Aaaah!" kwa pamoja, mimi hata pumzi sikuvuta. Nikaendelea: meli imeondoka, ndiyo, lakini Luteni halali, hali, na bandari ya tatu anaruka majini, anarudi, anavunja mlango wa baraza na kupaza sauti, "Mwachilieni! Bahasha ni yangu!" Mwanaidi alipiga vigelegele. Tangu siku hiyo hawakutaka nyingine. Mwezi haukuisha bila mtu kusema, Dada Wairimu, tuwekee ya Bi Karatasi, na mimi naitengeneza zaidi kila mara, mara Luteni analia, mara wazee wanapiga magoti kumwomba msamaha. Namutebi alikuwa akikaa mbele kabisa, miguu ameikunja, na akisikia "ni yangu" anaziba mdomo kwa kiganja.

Namutebi alikuwa binti wa Masaka, miaka ishirini na mitatu, mfanyakazi wa orofa ya sita. Kevo alikuwa askari wa mlangoni pale pale kwenye jengo letu, kijana wa Nakuru, mtu wa kwetu, meno meupe na maneno matamu. Mimi ndiye niliyewakutanisha. Nilimwambia msichana kwa mdomo wangu huu, "Huyu nakuhakikishia, namjua alikotoka." Uongo mtupu. Nilimjua alikotoka kwa maana ya kwamba alitaja mtaa na mimi nikaujua mtaa. Lakini nilipenda kuwa mtu wa kupanga mambo ya watu, na nilipowaona Ijumaa jioni wameketi kwenye ukingo wa barabara wanagawana sambusa nilijisikia kana kwamba nimeipika mimi.

Sisi wafanyakazi wa vyumbani tulikuwa na kadi moja moja inayofungua milango yote ya orofa yako. Tuliiita masta. Asubuhi unatia sahihi unapewa, jioni unairudisha, na kuiazimisha ni kosa la kufukuzwa. Kevo alikuwa akilala mbali huko Sanaiya, kwenye kambi, na juma moja alipigishwa zamu mbili mbili. Jumanne mchana alimwomba Namutebi masta aingie chumba 604, mwenyewe amesafiri, aoge na kujinyoosha saa moja tu. Alimpa. Jumapili mwenye chumba akarudi, na kamera yake kubwa ya kazi haipo. Vitasa vile vina kumbukumbu. Fundi alichomeka kimashine, kikasema Jumanne saa saba mchana mlango ulifunguliwa kwa kadi ya Namutebi. Saa saba Namutebi alikuwa nasi chini tukila wali na dengu, na kila mtu aliyekuwa mezani alimwona. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu.

Meneja alimwita Jumatatu, na mimi nikaitwa nikafasiri, kwa sababu Kiingereza cha Namutebi kilikuwa kikimkimbia akiogopa. Meneja alikuwa Mlebanoni, mtu mpole kwa kweli. Alimpa kiti na glasi ya maji. Akauliza nani alikuwa na kadi. Nikafasiri. Namutebi akainamisha macho. Meneja akauliza tena, nikafasiri tena. Mikono yake iko mapajani, anatazama zulia, na mimi nywele za mkononi zinanisimama, maana nilikuwa nimeiona picha hiyo mara nyingi nikiwa na njugu kiganjani. Mara ya tatu meneja mwenyewe aliinama ili amtazame usoni. "Binti, sidhani umeiba. Nadhani unamficha mtu." Basi akasema anampa mpaka Jumapili asubuhi. Ikifika Jumapili hajasema, faili linakwenda polisi, na likishafika huko yeye hana mkono tena. Akaandika namba yake ya simu kwenye kikaratasi akampa. Nililifasiri hilo la polisi neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza.

Jioni nilimkuta jikoni anamenya matoke. Maganda yalikuwa yanaanguka nje ya karai, naye haoni. "Wewe mjinga?" nikamwambia. "Sema ni Kevo. Leo. Aliingia kulala, aseme alilala." Akatikisa kichwa. Kevo alikuwa amemwomba avumilie mpaka mwisho wa mwezi tu, mkataba wake uongezwe, kisha ataenda mwenyewe kwa meneja aseme kila kitu, na Desemba waende Masaka kwa wazee. Kamera hakuiona, aliapa kwa mamake. "Mimi naamini yeye, nnyabo," akasema, akiniita mama kwa Kiganda. "Akitajwa sasa wanamrudisha kwao bila kitu." Nikasonya. Akamenya ndizi mbili zaidi, halafu, bila kuinua uso, akaniuliza: "Bi Karatasi alikaa ndani muda gani, kabla bwana hajarudi?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka zaidi ya kumi. Nafasi ya kusema ilikuwa ile pale, wazi, na hakuna aliyekuwa akitusikia ila sufuria. Ningesema, sijui, mpenzi, mwisho wa sinema ile sijawahi kuuona, nautunga. Yangekuwa maneno machache tu. Lakini nilikuwa Dada Wairimu, mtu asiyekwama, na tangu Nakuru sikuwahi kumwambia mteja kwamba sijui. "Miezi mitatu," nikasema. Akaitikia kwa kichwa polepole, mtu anayepima kama atauweza mzigo. "Na walimpiga?" "Hawakumgusa," nikasema. Yesu wangu! Nilikuwa nampa msichana wa watu masharti ya jela kutoka kwenye hewa.

Alhamisi jioni kwenye basi nilikaa nyuma ya askari wawili wa kampuni ya Kevo walioomba lifti mpaka kwenye taa za Al Mansoura. Mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake viatu alivyonunua. "Hizi za Kevo," akasema. "Ameniuzia na blanketi pia. Jamaa anaishia." Mwenzake akauliza lini. "Jumamosi. Likizo imepitishwa, tiketi iko. Lakini hiyo si likizo, boss, ule harudi. Ameuza mpaka pasi ya nguo." Wakacheka. Niliteremka kituo kimoja kabla ya kwetu, nikatembea kwenye joto la Juni, na njia nzima nilikuwa najiambia nikifika nitamwita nje nimwambie. Nilifika nikamkuta anafua sare yake ya Jumapili. Aliipiga pasi, akaitundika, akalainisha kola kwa vidole. Nikajiambia, kesho. Nilitaka kwanza kuwa na hakika. Hiyo ni hekaya. Hakika nilikuwa nayo. Nilichoogopa ni yeye kuniuliza, si wewe ulinihakikishia?

Ijumaa asubuhi nilisema kichwa kinauma, wenzangu wakaenda kanisani bila mimi. Mwanaidi alikuwa amelala. Nikachukua ile diski, nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati kwenda nje, mstari mmoja mmoja, kama tulivyokuwa tukifanya kibandani, nikaiosha, nikaikausha. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka iwe kwamba nilikisia sawa. Niliisogeza mbele mpaka ngazi ya meli. Luteni akapanda, akageuka, akainua kofia, picha ikatetemeka mara moja, ikapita. Niliketi kwenye mkeka. Wazee wenye majoho wakamsimamisha Bi Karatasi. Akatoka nao, hakuvaa hata viatu. Halafu Ulaya: nyumba kubwa, meza ya chakula, mke mwenye lulu shingoni. Luteni, masharubu yale yale, anafungua gazeti. Anasoma kitu. Kamera inamsogelea nami nikasema kwa sauti, peke yangu, "Sasa inuka. Inuka, mbwa wewe." Akakunja gazeti. Akasema neno, na mke wake akampitishia chumvi. Baada ya hapo ni ile nyumba ya karatasi, tupu, kuta zimetoboka, na maandishi ya kumalizia. Nikarudia mara ya pili nikidhani kuna kitu kimenipita. Hakuna kilichonipita.

Walirudi mchana na kelele zao. Tulikula matoke kwa mchuzi wa njugu aliopika Namutebi mwenyewe, akasema anataka tule vizuri, na kila mtu alijua ni kwa nini na hakuna aliyesema. Kisha Mwanaidi akagonga sahani kwa kijiko. "Leo Bi Karatasi, ati. Kwa ajili ya huyu mwenzetu." Mikeka ikatandikwa. Nilisema diski imechakaa, nikasema sauti yangu haiko sawa, wakanizomea. Nikafasiri. Sijui kama nimewahi kufasiri vile, kila neno lilikuwa linaniganda kwenye ulimi, na wao wakadhani ni utamu. Ilipofika ile ya baraza, wazee wanauliza, macho ya Bi Karatasi yako chini, sebule ilikuwa kimya mpaka unasikia feni. Namutebi alikuwa hatua moja kutoka kwenye televisheni. Mwanga wa skrini uko usoni kwake. Luteni akaanza kupanda ngazi, na mimi nikajua kwamba mara hii picha haitakwama. Itapita, itakwenda mpaka mezani, mpaka kwenye chumvi, mbele ya macho yake, siku mbili kabla ya Jumapili. Na nikajua kwamba ningeweza kuiacha ipite. Nisingehitaji kusema lolote. Ningekaa tu nimenyamaza, naye angeona.

Luteni akainua kofia. Rimoti ilikuwa chini ya leso kwenye paja langu. Nikabonyeza.

Picha ikasimama. "Aaaah!" wakasema wote, kwa mazoea, na mimi nikaanza. Nilimrudisha Luteni siku ile kama sijawahi kumrudisha. Sikumngoja bandari ya tatu, nilimrusha majini meli ikiwa bado inaonekana. Nilimpitisha katikati ya papa. Nilipofika "Bahasha ni yangu!" nilipiga kelele mpaka fundi wa abaya akagonga ukuta, na vigelegele vikapanda, wengine wakilia na kukumbatiana. Namutebi hakuziba mdomo. Alikuwa amegeuka, mgongo kwa televisheni, ananitazama mimi. Si usoni, bali hapa chini, kwenye leso. Akainuka, akajitanda kitambaa kichwani, akatoka. Nilisogea dirishani. Alikuwa amesimama kando ya kibanda cha karak, jua kali, ana kikaratasi mkononi na simu sikioni, anaongea. Nilidhani anampigia Kevo. Nilidhani anamwambia atamngoja, na nikarudi kukaa.

Hakuwa akimpigia Kevo. Jumamosi, kabla watu wa kambi hawajanywa chai, meneja na mkubwa wa kampuni ya askari walifika Sanaiya, wakamkuta Kevo ameketi juu ya begi lake akingoja gari la uwanja wa ndege. Kamera ilikuwa ndani, imezungushiwa taulo. Hakukataa, hakupigana, alitabasamu na kusema ni shetani. Mwenye kamera alikuwa na haraka na safari zake, akachukua mali yake na hakutaka kesi; Kevo alifutwa kazi, akapandishwa ndege baada ya siku chache, bila ruhusa ya kurudi. Namutebi alipewa barua ya onyo kwa kuazimisha masta, na Jumapili alivaa ile sare akaenda kazini kama kila mtu. Kevo alinitumia ujumbe kabla hajaondoka. "Sina kinyongo na mtu, dada. Niombee." Niliufuta.

Jumamosi hiyo jioni nilikuwa nakata vitunguu, Namutebi akaingia jikoni akasimama mlangoni. Mwanaidi alikuwa anachambua mchele; alimtazama, akanitazama, akainuka na sinia lake akatupisha. Namutebi akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya kawaida kabisa: "Ulikuwa umeona mwisho?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Na ya kwamba anasafiri?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo ulikuwa tayari. "Alhamisi," nikasema. "Nilisikia kwenye basi."

Akasogea karibu na sinki. "Ule mwisho wako, dada, mimi nilijua ni wa kutunga. Sisi wote tulijua, kwani hatuna macho? Diski inakwama, wewe unaendelea. Nilipenda tu vile unausema. Ulikuwa unanipa nguvu, hata kama ni uongo, kwa sababu nilijua na wewe hujui. Lakini jana haikukwama. Niliona kitu kinasogea chini ya leso, halafu picha ikasimama safi, haikuvunjika. Nikajiuliza, ni kitu gani kiko mbele, Dada Wairimu hataki nione?" Akafuta jicho kwa nyuma ya mkono, haraka, kwa hasira. "Ningekuwa nimekaa nyuma, je? Ningekuwa nimekaa kwa mlango na wale wengine?"

"Nilikuogopea," nikasema.

"Hapana. Ulijiogopea."

Nilimwomba msamaha. Nililia kweli, na si vitunguu. Akasema amenisamehe, na nadhani alisema kweli, hakuwa mtu wa maneno mawili. Kisha akaosha karai lililokuwa kwenye sinki, akaliegemeza ukutani, akatoka. Usiku huo alibadilishana kitanda na msichana wa chumba cha nyuma. Ijumaa iliyofuata Mwanaidi aliniuliza tunaweka nini leo, nikamwambia sauti imekufa, na sikufasiri tena, si Doha wala hapa nyumbani. Wenzangu walidhani nasusa. Mwanaidi peke yake alikuwa anajua, nadhani alitusikia kutoka korido, na hakunitania tena kama zamani, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Tuliishi nyumba moja miezi mingine kumi na minne, tukipishana kwenye korido, habari za asubuhi, nzuri, basi limefika. Mkataba wake ulipoisha tulimpikia pilau, Mwanaidi safari hii akiisimamia mwenyewe ili isiharibike, na asubuhi gari lilipokuja tulisimama mlangoni tuagane. Kwao Buganda mdogo akimwamkia mkubwa hupiga magoti. Namutebi alikuwa amenipigia magoti mimi kila asubuhi ya mwaka wake wa kwanza, jikoni, kwenye korido, mara moja hata kwenye ngazi ya basi huku dereva anapiga honi, mpaka nikawa namkemea kwa mdomo na kufurahi moyoni. Baada ya ile Ijumaa ikawa salamu za kupita tu, nami nikajiambia ni haraka ya kazi. Siku hiyo alimpigia magoti Mwanaidi kwenye vumbi, Mwanaidi akamwinua huku analia. Alimpigia magoti mama wa Kitale aliyenitangulia miezi sita tu kuingia nyumba ile. Nikajipangusa mikono kwenye gauni, nikangoja. Akafika kwangu, akanyoosha mkono, akaniangalia machoni na kusema, "Kwaheri, Wairimu." Nikaushika. Alikuwa amesimama wima, na ndipo nilipoona kwamba mimi na yeye tulikuwa kimo kimoja.